Pua yangu, mahindi ya jirani na salfa ya Newala

Mtoto wa dada yangu anasoma Cape Town, na pua yake ni ya ukoo kama yangu. Mwaka juzi, mwezi wa Oktoba, alinitumia WhatsApp picha ya skrini ya simu yake, utabiri wa chavua, ule unga wa maua unaopeperuka hewani: jina la mji, tarehe, halafu vidoa vya rangi. Miti, njano. Kuvu, kijani. Nyasi, nyekundu. Chini yake ameandika: "Shikamoo mama mdogo. Leo siendi kukimbia. Dawa nimeanza kumeza tangu jana."

Hilo la "tangu jana" ndilo lililonichoma. Mimi humeza dawa baada ya chafya ya kumi na tano, macho yameshakuwa kama ya mtu aliyekesha msibani. Yeye anameza kabla, kwa kuwa kuna mtu amemwambia kesho kunakuja nini.

Nikaandika Mtwara kwenye simu yangu. Nikapewa nyuzi joto, upepo, unyevu, hata dakika ya jua kuzama. Penye chavua palikuwa na kistari. Nikapakua programu nyingine, siitaji jina. Hiyo haikuwa na kistari, ilikuwa na jibu kila siku, na jibu lilikuwa lilelile: kidogo. Kidogo Jumatatu, kidogo Jumanne, kidogo hata siku niliyolala nimekaa kwa kubanwa kifua. Naheshimu zaidi kile kistari.

Mliozoea kuja hapa kufuata ming'oko na mchuzi wa nazi, leo mtanivumilia. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, sekondari, Mtwara mjini. Naishi Chuno, kwetu Newala. Zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikipiga chafya kwa msimu, na si mafua. Mafua huja, yakakaa wiki, yakaenda zake. Hii yangu ina saa zake: asubuhi kaakaa linawasha hadi unatamani kulikuna kwa kijiko, pua inadondosha maji mepesi kama bomba lililokufa washa, na ikizidi kifua kinabana na kupiga mluzi. Kidato cha Tatu waliwahi kunihesabia kimyakimya kipindi kizima. Kengele ilipolia wakatoa jibu kwa pamoja, "Madam, ishirini na mbili!"

Miaka mingi nilitibiwa kaunta. Kuna duka la dawa ambalo kijana wake alikuwa akiniona tu mlangoni anashanyoosha mkono kuchukua amoksilini, na piritoni za kwenye bahasha ya karatasi. Amoksilini inaua bakteria, na kwenye mzio, yaani aleji, hakuna bakteria wa kuuawa. Hilo nalifundisha darasani, na bado nilikuwa nalipa na kumeza. Piritoni ilipunguza chafya ila ilinilaza. Siku moja nilimeza mbili kisha nikakaa kusahihisha mtihani, nikampa mtoto alama 60 kati ya 50. Alirudisha karatasi mwenyewe, Mungu ambariki.

Mkosaji nilikuwa naye tayari: mkorosho. Hapo hatukubishana nyumbani. Mama alikuwa akisema, "Mikorosho ikichanua, wewe mwanangu huna raha," na kweli, likizo ya katikati ya mwaka nikipanda Newala, mikorosho imejaa maua yale madogo ya waridi na harufu yake nzito, siku mbili nyingi, naanza. Ushahidi gani tena? Nimekulia chini ya mti, mti umenikataa. Nilikuwa naeleza hivyo kwa watu kwa sauti ya mtu aliyekubali majaaliwa yake.

Halafu usiku mmoja nikabanwa vibaya, nikapelekwa hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Baada ya kunituliza aliniuliza maswali matatu: inaanza mwezi gani, unakuwa wapi, saa ngapi. Nikajibu yote matatu kwa mkupuo: "Mikorosho inapochanua."

Akaangalia kalenda ya ukutani. "Samahani mama. Huu ni mwezi wa nne. Mikorosho imeshachanua?"

Nilinyamaza. Nimesoma chuo, nafundisha watoto kuchunguza, kuandika, kulinganisha, ndipo kuhitimisha. Na katika miaka ishirini ya ugonjwa wangu mwenyewe sikuwa na tarehe hata moja kwenye karatasi.

Yule binti alinipa vitu viwili ambavyo nilikuwa nimevisikia bila kuvielewa. Kwanza, inhela ya bluu niliyokuwa nikiazima kwa mwalimu mwenzangu (msinicheke, tunaazimana hadi inhela) inafungua njia ya hewa kwa muda tu, lakini uvimbe wa ndani unabaki palepale. Pumu inataka na dawa ya kuvuta inayotuliza uvimbe, na tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, wa GINA, hauungi mkono tena mtu kutegemea ile ya kufungua peke yake. Pili, dawa ya kupuliza puani. Hiyo nilishawahi kupewa, nikaipuliza siku za mateso, nikaona haina kitu, nikaitupa. Kumbe haifanyi kazi kama piritoni. Inataka kupulizwa kila siku, na huchukua siku kadhaa, hata wiki mbili, kufikia nguvu yake. "Bora uanze wiki mbili kabla ya msimu wako, mama," akasema.

Sasa niambie, unaanzaje wiki mbili kabla ya kitu usichojua kinaanza lini?

Hapo ndipo nilipokuwa nimekwama ile picha ya Cape Town ilipoingia miezi sita baadaye. Rangi zenyewe sikuzionea wivu. Nilichotaka ni tarehe.

Nikaanza kusoma wenzetu wanazipataje. Uchawi haupo. Afrika Kusini wana vituo katika miji yao mikubwa, na moyo wa kituo ni mashine iliyobuniwa Uingereza mwaka 1952 na John Hirst. Inakaa juu ya paa. Pampu inavuta hewa lita 10 kwa dakika, karibu na kiasi anachovuta mtu mzima, kupitia kijitundu chembamba. Nyuma ya kijitundu kuna mkanda unaonata, umezungushiwa gurudumu linalotembea milimita 2 kwa saa, kwa hiyo wiki nzima inaandikwa kwenye mkanda mmoja, saa baada ya saa. Kisha mtu, mtu kabisa mwenye shingo inayouma, anaukata mkanda, anauweka chini ya hadubini na kuhesabu chembe moja moja, akizitaja kwa majina. Jibu linatoka kama chembe ngapi kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Uswisi tangu 2023 wana mashine zinazozitambua chavua zenyewe, habari inatoka saa ileile. Lakini penye kuhesabu kwa macho, rangi unayoiona leo imepikwa kwa hesabu za siku zilizopita, kumbukumbu za misimu, na utabiri wa mvua na upepo. Bila kituo chochote karibu, simu inabahatisha, na ndiyo maana ile programu yangu ilikuwa na "kidogo" ya milele.

Aliyenipa moyo ni wa zamani zaidi. Charles Blackley, daktari wa Manchester, alikuwa na ugonjwa huuhuu. Alijiwekea chavua puani mwake mwenyewe aone itakuwaje, akatega vioo vyenye kunata hewani, na alipotaka kujua hali ya juu zaidi akavipandisha kwa tiara. Mwaka 1873 akachapisha alichokiona. Hakuwa na simu wala kituo. Nikajiambia, mimi nina tangi la maji la shule, hadubini mbili ambazo moja inafanya kazi, na Kidato cha Tatu.

Slaidi ya kwanza tuliipaka mafuta ya mgando, tukaiweka juu ya tangi mwezi wa Desemba, mvua za msimu ndiyo zimeanza. Asubuhi tukakuta maji, vumbi, na sisimizi mmoja aliyekufa akiwa amenyoosha mikono. Slaidi ya pili tuliipaka mafuta kama mkate wa harusi, hapakuonekana kitu. Ya tatu tukaitengenezea nyumba: sahani mbili za bati za jikoni, moja chini moja juu, katikati vipande vya mti, upepo unapita na mvua haiingii. Nilijivuna wiki nzima na ubunifu wangu, kisha nikasoma kwamba Mmarekani Oren Durham alishatoa kifaa cha namna hiyohiyo mwaka 1946. Sawa. Mpishi hakuuliza sahani zake, na mimi sikumkumbusha.

Kila siku saa moja asubuhi mwanafunzi wa zamu anapanda, anabadilisha slaidi, anashuka. Tunadondosha tone la ayodini, ileile ya kupima wanga kwenye muhogo, kwa sababu chavua ya mahindi na ya nyasi ina wanga ndani na inageuka rangi ya giza. Halafu kioo cha kufunikia, halafu jicho.

Kabla ya kutaja mhalifu lazima uwe na picha zake, kwa hiyo wiki za mwanzo tulikusanya maua. Watoto walileta mwembe, mnazi, ukoka wa uwanja wa mpira, mvinje wa ufukwe wa Shangani, na baadaye mbelewele za mahindi. Tulilikung'uta kila ua juu ya slaidi yake na kuchora. Chavua ya mahindi ni jitu, karibu sehemu ya kumi ya milimita, duara kama mpira wenye tundu moja la kujazia upepo. Ya ukoka ni mpira huohuo na tundu hilohilo, ila mdogo, kama theluthi yake. Mvinje una chembe yenye vitundu vitatu, inakaa kama pembetatu iliyovimba. Nyasi zenyewe kwa zenyewe huwezi kuzitofautisha. Ukoka, magugu ya bondeni, hata mpunga, chini ya hadubini ni mapacha. Nilimwandikia mpwa wangu hivyo akanijibu kwamba hata Cape Town wanasema "nyasi" tu, na sasa ameelewa kwa nini.

Tofauti kubwa ambayo nilitakiwa niikumbuke tangu siku ya kwanza, kwani ipo kwenye mtaala, ni ya nani anabeba. Kuna maua yanayotegemea nyuki na nzi: yana harufu, yana rangi, na chavua yake ni nzito, inanata. Kuna mengine yanayotegemea upepo: hayana sura wala harufu, lakini yanamwaga. Mbelewele moja inatoa chembe kwa mamilioni. Sisi wenye aleji tunasumbuliwa zaidi na hayo ya pili, ambayo hakuna anayeyaita maua. Tunalaumu linalonukia. Mkorosho na mwembe ni wa nyuki.

Nyumbani niliweka slaidi ya pili kwenye kizingiti cha dirisha la chumbani, na hiyo ndiyo iliyonipa somo lililozidi yote. Mwishoni mwa Februari, slaidi ya shuleni ilikuwa na chembe za mahindi chache, za kuokoteza. Ya dirishani ilikuwa imejaa. Nilifungua pazia nikatazama nje kana kwamba ni mara ya kwanza: hatua tano kutoka kitandani kwangu, mahindi ya mzee wa nyumba ya pili, yote yametoa mbelewele. Chavua ya mahindi kwa uzito wake haisafiri mbali, nyingi inaanguka makumi ya mita tu kutoka kwenye mmea. Inamwagika asubuhi umande ukikauka, saa ambayo mimi nafungua dirisha kupisha hewa safi. Hata Mtwara ingekuwa na kituo cha fedha nyingi juu ya paa la ghorofa, kingeniambia mji uko kijani, na chumba changu kiko nyekundu.

Nilimfuata yule mzee. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikazunguka kwa habari za mvua na za mjukuu, mpaka nikafika.

"Sasa Mwalimu," akasema, "unataka nikate mahindi?"

"Hapana mzee wangu. Mwakani nataka uniambie tu, ukiona yanakaribia kutoa mbelewele."

Alicheka mpaka akaita watu wa ndani waje kusikia. Lakini mwaka huu, katikati ya Februari, aligonga geti. "Mwalimu, bado kama wiki mbili." Nikaanza kupuliza puani siku hiyohiyo, nikahamia chumba cha upande wa pili, na madirisha ya huku nikayafungua jioni badala ya asubuhi. Nilipiga chafya, sisemi sikupiga. Lakini kifua hakikubana hata usiku mmoja wa Machi, na Machi ndiyo ilikuwa jela yangu. Baadaye alituletea mahindi mabichi ya kuchoma, sijui kwa huruma au kwa utani.

Aprili na Mei ni za nyasi. Mvua zinakatika, kusi inaanza, kila kiwanja kisicho na mwenyewe kina nyasi zenye masuke. Slaidi ya shuleni ilipanda kwa wiki sita. Hapo watoto wakaleta fikra ya chaki: kijani, njano, nyekundu, kwenye ubao wa matangazo karibu na ratiba ya mitihani. Niliwaeleza mara kumi kwamba slaidi iliyolala hivi haipimi hewa kwa mita za ujazo. Inapokea tu kinachodondoka, na chembe kubwa zinadondoka haraka kuliko ndogo, kwa hiyo namba zetu hatuwezi kuzilinganisha na za mji wowote. Tunailinganisha siku na siku yetu nyingine, basi. Wakaitikia, "Ndiyo Madam," kisha wakaandika MTWARA LEO: NYEKUNDU kwa herufi za tangazo la disko.

Nilichogundua upande wangu ni kwamba rangi haisemi peke yake. Mwishoni mwa Mei hesabu ilishuka na pua haikushuka. Hili linajulikana kwa wanaotibu mzio: pua iliyochokozwa wiki nyingi inakuja kukasirishwa na kiasi ambacho mwanzoni mwa msimu isingekijali. Kwa hiyo dawa siachi siku ambayo ubao unarudi kijani. Naongeza wiki mbili hivi.

Pia tulihamisha ufyekaji. Zamani uwanja ulikuwa ukifyekwa nyasi zikishakuwa ndefu na masuke yamekomaa, adhabu ya waliochelewa, na mimi dirishani nikiadhibiwa pamoja nao. Mkuu wa shule alikubali ufyekwe kabla hazijatoa masuke. Nilimwonyesha ubao na daftari, naye ni mtu wa hesabu, akatazama nguzo mbili za namba, akasema, "Madam, hii ni grafu, siyo malalamiko." Nimeitunza sentensi hiyo.

Si kila mtu alifaidika. Kijana mmoja wa Kidato cha Pili mwenye pumu alikuwa akiufuata ubao kama mshika dini, na bado alibanwa siku za kijani. Tukampa daftari lake: tarehe, saa, alikuwa wapi, anafanya nini. Wiki tatu tu ikaonekana anabanwa Jumanne na Alhamisi asubuhi, siku zake za zamu ya kufagia darasa. Vumbi. Alipewa zamu ya kumwagilia maua, na wenzake wakamtuhumu kujipendekeza. Ubao wa chavua ulikuwa haumhusu hata kidogo, na bila lile daftari angeendelea kuuamini.

Mvua za radi niseme kwa kifupi, kwa sababu ndizo zinazotisha zaidi. Tarehe 21 Novemba 2016 jijini Melbourne, Australia, dhoruba ilipita msimu wa nyasi, chembe zikavunjika kwa unyevu kuwa vipande vidogo vinavyoweza kushuka hadi ndani ya mapafu. Maelfu walikimbilia hospitali na watu kumi walifariki, wengine hawakuwahi kujijua kuwa na pumu. Tangu nisome hilo, jioni ya Aprili nikisikia ngurumo inakuja na upepo wake wa mbele, naingia ndani na kufunga, sisubiri kuonyeshwa rangi. Utabiri wa TMA, mamlaka yetu ya hali ya hewa, redioni unanitosha kwa hili.

Sasa Newala, na mkorosho wangu nilioutukana miaka ishirini.

Mwaka jana likizo nilipanda na slaidi sita kwenye kopo la biskuti. Nilizitega nyumbani kwa mama: mbili chini ya mikorosho iliyochanua, mbili barazani, mbili ndani. Asubuhi ya tatu nilianza kuwasha, macho, koo, kifua, kama miaka yote. Nikazichukua slaidi kwa furaha ya mpelelezi. Za chini ya mkorosho zilikuwa na chembe za chavua za kuhesabika kwa vidole. Lakini slaidi zote, hadi za ndani, zilikuwa na unga wa njano uliovunjikavunjika kama chumvi ya mawe, hauna umbo, na ayodini haikuugusa.

Kila mtu wa Kusini anayesoma hapa ameshajua. Salfa.

Nilirudi nayo kidogo Mtwara, mwalimu wa kemia akaichoma nje ya maabara, mimi nikiwa nimesimama mbali, upande upepo unakotoka. Mwali wa bluu. Akanitazama: "Ulitaka uthibitisho gani mwingine?"

Tunaipuliza kwa sababu ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua ya mkorosho. Wazee wanakumbuka. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani kama 145,000 za korosho, na kufika 1986/87 zilibaki kama 16,500. Zilikuwepo sababu nyingi, bei mbovu, watu kuhamishiwa vijijini na kuacha mashamba yao mbali, na ugonjwa huo ukiwa mmojawapo. Salfa ya unga ni sehemu ya kilichoirudisha korosho, na korosho ndiyo iliyonilipia ada. Sina mdomo wa kuikataza. Lakini miaka ishirini nimeita mzio wa chavua kitu ambacho ni mwasho wa unga wa dawa, na ndiyo maana vidonge vya aleji Newala vilikuwa havinisaidii kama vinavyonisaidia Mtwara. Sisemi chavua ya mkorosho haiwezi kumdhuru mtu yeyote. Goa, India, walikopeleka mikorosho kutoka Brazili kama tulivyoletewa sisi, watafiti wameripoti wagonjwa wa pumu wenye mzio nayo. Kwangu slaidi zilisema vingine. Na jamani, kula korosho ni jambo lingine kabisa. Naulizwa kila siku. Nazila, za kuchoma, na mabibo pia.

Kuna kitu kimoja kuhusu ile mashine ya Hirst ambacho kinanichekesha. Hakuibuni kwa ajili ya pua za watu. Alikuwa Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo, akitafuta mbegu za kuvu zinazoambukiza mazao zinapeperuka saa ngapi na katika hali gani ya hewa. Ubwiriunga nao ni kuvu, nao husafiri kwa upepo. Kama siku moja mtu atanunua mashine hiyo kwa ajili ya Mtwara, sidhani atainunua kwa huruma ya chafya zangu. Atainunua kwa ajili ya korosho, mkulima ajue siku ya kupuliza na siku ya kuhifadhi mfuko wake wa salfa, na sisi wenye pua tutadandia mkanda huohuo bila nauli. Watu wa utafiti wa korosho wako Naliendele, dakika chache kwa bajaji kutoka shuleni kwetu. Barua nimeiandika. Iko rasimu ya tatu, mkuu ameniambia nipunguze utani.

Mwaka huu sikusubiri mashine. Kabla ya likizo nilimpigia mama, nikamwomba anipe simu za majirani watatu wanaopakana naye, wenye mashine za kupulizia. Nikawaeleza kwa upole, nikawaahidi vocha. Salfa hupulizwa alfajiri, upepo umelala na umande uko kwenye maua ili unga ushike, kwa hiyo taarifa ya jioni inanitosha kabisa.

Usiku wa pili nilipofika, saa tatu, simu ikalia. "Mwalimu, habari za jioni. Kesho alfajiri tunapuliza upande wa kwenu. Fungeni madirisha."

Nikamwambia mama. Akasonya, akasema miaka yote amelala madirisha wazi na hajafa. Lakini alinyanyuka akafunga lake, nikaziba mwanya wa chini ya mlango kwa kanga mbili zilizolowana, barakoa nikaiweka kwenye mto. Saa kumi na moja nikaisikia mashine inanguruma upande wa bonde, inakaribia, inapita, inaenda.

Nikalala tena mpaka saa mbili.